Mashua Saba za Mlingotini

Mlingotini, 22 Mfungo Tisa 1306 (Februari 1889)

Kwa binti yangu mpenzi Mina, Mola akuhifadhi.

Baada ya salamu, sisi wazima ila hofu. U hali gani wewe, na mumeo Sharifu? Na mjukuu wangu, kikohozi kimemwacha? Mama yako nimempeleka shambani Makurunge, maana hapa usingizi umetuhama. Manowari ya Wazungu inapita nje ya miamba kila siku, na juzi imechoma mashua zilizofichwa kwenye mikoko. Wanasema mashua inayojificha ni ya bunduki au ya watumwa, hakuna ya tatu.

Basi wenye mashua tumekutana, na shauri ni moja: twende wote pamoja, mashua saba, tukazitie nanga huko kwenu Dar es Salaam, mbele ya macho yao, wasiwe na la kusema. Na kwa kuwa kila mtu roho iko mkononi, tumeapa kwa Msahafu kubadilishana. Kila mwenye mashua atapanda ya mwenziwe, ili asitokee wa kugeuza tanga akawaacha wengine. Yangu ataishika Rehani. Mimi nitapanda ya Mwinyijuma, tena pamoja naye, maana yeye peke yake amekataa kuiacha yake. Ndiyo, Mwinyijuma yuleyule, na usicheke.

Tutaingia kama tuingiavyo siku zote, kwa ngoma, baragumu na bunduki za furaha, mji ujue umepata wageni. Nipikie pweza.

Mimi baba yako,
Muhidini


Dar es Salaam, 26 Mfungo Tisa

Kwa baba yangu mpenzi.

Shikamoo Baba. Mtoto amepona, alhamdulillahi, na Sharifu anakusalimu sana. Barua yako tarishi Bwanaheri ameileta mchana. Nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini.

Baba, msipige bunduki. Nakushika miguu. Manowari nyingine imetia nanga hapa kwetu, mlangoni mwa bandari. Majuzi watu wa harusi walivuka kutoka Kigamboni, mmoja akapiga bunduki hewani kumfurahisha bwana harusi. Wakajibiwa kwa mzinga. Bwana harusi tulimzika siku ileile, na hina ingali mbichi miguuni mwa mkewe.

Sharifu anasema basi muingie kimya. Nikamwambia kimya nacho ni balaa, maana mashua ikiingia kimya huambiwa imebeba watumwa, ikafukuzwa mpaka ivunjike mwambani. Ukipiga bunduki umekosa, ukinyamaza umekosa.

Kwa hiyo usije. Waache waichome. Mashua ni mbao, Baba, utachonga nyingine. Wewe mimi nitakuchonga kwa mti gani?

Mimi mwanao,
Mina


Kunduchi, 3 Rajabu

Kwa binti yangu Mina.

Marahaba mwanangu. Barua yako imenikuta njiani, Bwanaheri ametufuata ufukweni kwa miguu toka Mlingotini mpaka hapa Kunduchi, maskini, nyayo zimemvimba. Kurudi siwezi tena. Nimeapa, na mashua yangu imo mikononi mwa mtu, na mimi nimo mikononi mwa mtu.

Niliwasomea wote habari za harusi. Kisha tukakubaliana: bunduki zote tuzifukie hapa Kunduchi, tuingie kwa ngoma peke yake, mchana kweupe, watu wamesimama na mikono wazi. Mwenye kuja na ngoma hajifichi, na asiye na bunduki hapigani. Hata Mzungu ataelewa hilo.

Mwinyijuma alikataa kwanza. Bunduki yake ni ya marehemu baba yake, na anasema baba yake hajapata kuingia bandari akiwa bubu. Tulimbembeleza mpaka akakubali, lakini alikwenda kuifukia peke yake. Alirudi na mchanga mikononi. Shimo sikuliona. Nataka kumsadiki.

Nakwambia wewe tu: jana nimetapika, nikasingizia mawimbi. Mimi, niliyekulia baharini! Naogopa, Mina, na sina wa kumwambia humu ndani.

Ukisikia ngoma usije pwani. Kaa ndani na mtoto.

Baba yako


Dar es Salaam, 4 Rajabu

Shikamoo Baba. Salamu ndefu utanisamehe, Bwanaheri amesimama mlangoni.

Shuka kwenye mashua ya Mwinyijuma. Sema tumbo linakuuma, si uongo, panda yako. Kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi. Nitawalisha mimi, nitapika hata leo. Wakikucheka waache wakucheke.

Shuka, Baba.

Mwanao


Dar es Salaam, 10 Rajabu

Kwa baba yangu, popote barua hii itakapokukuta.

Bwanaheri alirudi na ile barua yangu haijafunguliwa. Alikuta majivu ya moto wenu tu.

Nilikwenda pwani. Ulinikataza, nikaenda. Ngoma tuliisikia kabla hatujaona tanga. Manowari ikawageuzia ubavu, ikatazama, isifanye kitu. Mashua ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, watu wamesimama na mikono wazi kama ulivyosema. Ilipopita ya sita wanawake pwani tukaanza vigelegele. Nami nilipiga, Baba. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Ya mwisho ilikuwa ya Mwinyijuma. Labda vigelegele vilimpanda kichwani. Bunduki ikalia mara moja tu, ikielekezwa mbinguni, kila mtu aliona. Mzinga ukajibu. Maji yalipotulia, mashua haikuwapo.

Mwinyijuma tumemzika. Wenzake wawili wamepona, wanasema hawajui ulipo. Rehani alijitupa majini kukutafuta mpaka akatolewa kwa nguvu. Mtu mmoja wa Msasani anasema alimwona mzee akitoka baharini, akashika njia ya kaskazini bila kumsalimu. Wewe kupita mtu bila salamu! Lakini labda siku ile uliweza. Labda umeogopa hata ukasahau kwamba nakungoja huku.

Hapa wanataka tuanze matanga. Sharifu ametandika mikeka, mimi nimeikunja, tumegombana mbele za watu. Sitalia kwa ajili ya mtu ambaye hatujamwosha.

Bwanaheri ataanzia Makurunge kwa Mama, kisha Mlingotini, kisha kila kijiji cha pwani. Akikukuta, mpe neno lolote, hata tusi.

Mashua yako ipo hapa, haina hata mkwaruzo. Rehani anauliza aipeleke wapi. Nimemwambia angoje, mwenyewe atakuja kusema.

Mimi mwanao,
Mina