Wambui Wawili kwenye Karatasi Moja

Dada Nyokabi, na wewe uliye tumboni,

Nairobi ni baridi, na leo sijaongea na mtu isipokuwa daktari. Alitaka nichore ukoo wetu, aone ugonjwa wa mapafu unaoua watoto wetu wachanga unapitia kwa nani. Nilipomaliza akacheka. "Wambui wawili, mama mmoja? Nyinyi watu wa Murang'a! Umejiandika mara mbili, mrembo."

Nikamwambia sikukosea. Wa kwanza alikufa akiwa na siku nne, na jina la cucu, nyanya yetu, lilikuwa lazima lirudi, basi nikapewa mimi. Akaacha kucheka. "Pole sana, Wambui."

Alisema tiba ya kurekebisha jeni za mapafu bado inajaribiwa. Mtoto wako hataipata akizaliwa. Lakini wamenitoa damu. Wakiona kasoro, watajua cha kutafuta kwake siku ya kwanza, kabla hajaanza kuhema. Kwa hivyo uzalie hospitali kubwa, dada, hata mama mkwe akinuna.

Baadaye nilikula githeri peke yangu Ngara, karatasi ikiwa mezani. Kwenye mchoro, sisi wasichana ni viduara. Cha Wambui wa kwanza kimekatwa mstari wa waliokufa, changu kiko kando, kizima. Sijawahi kukaa naye karibu hivyo. Nilimaliza chakula polepole ili tusiachane.

Narudi Jumamosi. Lala kwa ubavu, kunywa uji, na umwambie huyo anisubiri. Nataka kumsikia akivuta pumzi ya kwanza.

Wako, Wambui wa pili