Mama Amesema Mandira Amepona

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana nimechoka hadi kalamu inanielemea. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, hapa Kolkata, nawapenda wanawake, na kwa miaka mitatu nimeandika katika jarida dogo la kikundi chetu hadithi ya mfululizo ya Mandira, mwalimu wa muziki anayempenda mwanamke mwenzake, Jhumur, na wasomaji wamempenda kiasi kwamba maneno yake ya sura ya pili, "Nilivyo ndivyo nitakavyokuwa," wameyachapa kwenye mifuko ya kubeba katika maandamano yetu. Sasa katika toleo la sikukuu ya Durga Puja nimemwandika Mandira akimpenda mwanamume, mpiga ngoma za tabla, kwa sababu watu wa namna hiyo wapo, na mmojawao ni mimi, ingawa kikundini sijawahi kulisema. Jumapili, kwenye mkutano wa kikundi, hakuna aliyenimiminia chai. Mhariri wetu alinitupia jarida mapajani: "Dada wee, miaka yote tunawaambia wazazi hatubadiliki, leo unatubadilisha wewe!" Hilo ningelimeza, ila Poulomi (jina nimeligeuza), msichana aliyejieleza kwa mama yake kwa kumsomea sura zangu, alinifuata ngazini akilia, kwamba mama amesoma sura mpya, amepiga mstari kwa penseli nyekundu, na kumwambia, "Umeona? Hata Mandira wako amepona. Baada ya sikukuu ya Kali Puja kuna watu wanakuja kukutazama." Wanakuja na bwana harusi, mshauri. Mhariri anataka niandike kwamba Mandira alikuwa anaota. Nifanyeje? Nimechoka kuwasemea watu wote.

Mwandishi Aliyechoka

Dada, pole. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa wa kujibu barua, na kila wiki kuna mtu anayetaka moyo wa mwenzake ukae pale alipouweka yeye. Nami nimechoka. Pole imeisha, sasa sikiliza.

Nimelitafuta jarida lenu nikasoma. Kumpenda mpiga tabla si kosa. Mtu anaweza kumpenda Jhumur kweli, akaja kumpenda mwanamume kweli, na jirani yake asimtamani mwanamume hadi siku ya kufa. Kosa ni mkono wako. Mara tu anapoingia huyo bwana, Mandira anaanza kula vizuri, anavaa bangili alizozikataa, kichwa kilichomuuma miaka mitatu kinatulia, na mama yake anamkumbatia. Umeandika mtu aliyetoka hospitali! Na Jhumur yuko wapi? Umempandisha treni ya Siliguri kwa sentensi moja, hata kwaheri hakupewa. Neno "amepona" hukuliandika, lakini dawa umeichemsha wewe.

Habari za ndoto achana nazo, utakuwa umejifuta mwenyewe. Mrudishe Jhumur, asiyebadilika wala kuombwa abadilike. Mpe Mandira kinywa amwambie mpiga tabla waziwazi kwamba alimpenda mwanamke, hakuwa mgonjwa, na huenda akampenda mwingine. Na kikundini sema habari zako mwenyewe. Unamtuma Mandira akaseme unayoyaogopa wewe, halafu unashangaa akipigwa mawe.

Lakini sura hiyo itatoka lini? Poulomi atakuwa ameshakaa mbele ya wageni na trei ya chai. Yaliyochapishwa ni maji yaliyomwagika, hayazoleki, kwa hiyo tumia miguu. Nimekutumia jibu hili kwa posta kabla ya gazeti. Muulize Poulomi kama anaridhia, akiridhia, nenda kwa mama yake kesho, na vitamu vya sandesh mkononi, umwambie: "Mama, Mandira nimemwandika mimi. Mimi niliwahi kumpenda mwanamume, na hakuna aliyeniletea. Binti yako hajampenda mwanamume, analetewa."

Atakukasirikia. Kaa. Ukichoka, kaa hivyo hivyo. Kisha mwombe hiyo penseli nyekundu, uzikate sentensi zako moja moja, yeye akiangalia.