Nimekula Kondoo wa Bosi, na Kesi Ni Jumanne

Shangazi Nthofeela mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Jumanne, maana hapa nyumbani hakuna anayenisikiliza tena. Mimi nilikuwa nashona sare za shule katika karakana ya bosi wangu, Ntate Ramaili, na baridi ilipoanza akawa anatufungia mlango kwa kufuli la nje, eti kuzuia upepo, mpaka siku pasi ilipounguza vitambaa, moshi ukajaa, tukagonga mlango hadi mikono ikavimba, basi nikachukua nyundo ya fundi nikavunja bawaba. Aliporudi hakuuliza nani kaumia, aliniita kichaa mbele ya wenzangu na kunifukuza palepale. Nikapeleka malalamiko, tukapangiwa mwamuzi wa migogoro ya kazi, asiye wa upande wake wala wangu, na wenzangu wawili wakakubali kuja kusema walichokiona.

Sasa Jumamosi bosi kaja kwa baba mkwe na kondoo mnene, amejifunga blanketi lake la sherehe, akaomba radhi kwa kuniita kichaa, kondoo akachinjwa, tukanawishwa mikono kwa nyongo yake, ishara ya kupatana, na mimi nikala, Shangazi, nisikufiche, tena mbavu. Tumeshashiba ndipo akasema, "Basi tumeyamaliza kama watu wa ukoo. Kwa mwamuzi wanakwenda watu wasio na wazee." Kuhusu kazi yangu hakusema kitu, na mlango bado unafungwa. Baba mkwe anasema nikienda nitakuwa nimemtemea mate, wenzangu wamenuna wanadhani nimewauza kwa nyama, na mimi nawaza nimrudishie bosi kondoo mwingine, au nimfuate mwamuzi kanisani kwake nimweleze mapema. Nifanyeje?

Mama Lineo, Maputsoe

Mama Lineo, pole kwa moshi, na hongera kwa nyundo. Kwa mbavu sikupi pole, maana ulizifurahia.

Mtu akikuletea kondoo, unauliza kwanza anachinjwa kwa jambo gani, ndipo unanawa mikono. Wewe ulinusa nyama ukasahau. Bahati yako bosi alitamka mwenyewe: aliomba radhi kwa kukuita kichaa. Hilo limekwisha, na liishe kweli; Jumanne msalimie vizuri, umuulize hali ya watoto. Lakini kondoo yule hakuchinjwa kwa ajili ya kufuli, wala kwa ajili ya kazi yako.

Usimnunulie kondoo mwingine. Kanisani nenda ukasali, mwamuzi mwache na Mungu wake. Ukimnong'oneza wewe leo, kesho bosi naye atamnong'oneza, na bosi ana kondoo wengi kuliko wewe. Tunamtaka mtu yule kwa sababu hakula zile mbavu.

Leo hii nenda kwa wenzako wawili, uwaambie kwa mdomo wako kwamba kesi ipo. Usitie sahihi karatasi yoyote ya kufuta malalamiko, hata ikiletwa na baba mkwe. Mbele ya mwamuzi, habari ya kondoo itoe wewe kwanza, na nyongo na mbavu zake, kabla bosi hajaitoa kwa namna yake. Halafu omba urudi kwenye mashine yako, na mlango usifungwe tena watu wakiwa ndani. Una mashahidi na una haki, mwanangu, acha kutetemeka.

Baba mkwe usibishane naye. Jumanne asubuhi mpelekee uji wake mchachu wa mtama, usubiri anywe, kisha umwambie taratibu: "Baba, Ntate Ramaili nimemsamehe, na kondoo wake nimemla. Leo naenda kwa ajili ya wale waliofungiwa."