Firigisi ya Mzee Barasa

Karen, Nairobi

Mama Nafula,

Nakusalimu sana, na ningependa salamu hizi zikupate ukiwa umeketi, tena mbali na jiko. Goti la mama linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma anaitumia, au ameiweka kabatini ikae na zile zingine? Na mahindi, yameota vizuri, au kuku wa jirani wametusaidia kuyafukua? Wafula anasoma, au anasema tu kwamba anasoma? Mimi sijambo, isipokuwa mkono wa kulia una mkwaruzo na heshima yangu ina jeraha. Mkono utapona.

Juzi kwa simu nilifika pale pa "nyani" tu, ukaanza kucheka, ukacheka hadi kifurushi kikaisha. Kwa hivyo nimeamua kuandika. Karatasi hata ukiicheka itaendelea kusema. Na tafadhali isome yote, kwa sababu mwishoni kuna kazi yako.

Hujaja hapa tangu nihamie boma hili la kazini, kwa hivyo wacha nikueleze. Nyuma ya nyumba yangu kuna ua wa michongoma, nyuma ya ua kuna msitu, na msituni kuna nyani ambao hawana habari kwamba wao ni wa msituni. Asubuhi wanakaa kando ya barabara kubwa kama watu wanaongoja kibarua. Gari linapunguza mwendo, mtu anarusha ndizi, anapiga picha, anaenda zake kazini akiwa na furaha. Ndizi zikiisha, hao nyani hawaendi Westlands kumtafuta aliyewapa. Wanakuja kwangu.

Kuna dume moja kubwa, sikio limechanika, ambalo sisi wafanyakazi tunaliita Mwenyekiti, kwa sababu linatembea humu ndani taratibu kama mtu aliyekuja kukagua mradi. Huyo amejifunza kufungua bomba la bustani. Kufunga hajajifunza. Na mimi, fundi wa mabomba, ndiye ninayeitwa na mama mwenye nyumba.

"Baba Nafula, lile bomba linavuja tena."

"Halivuji, mama. Limefunguliwa."

"Na nani?"

Nikimwambia ni nyani, ananitazama vile daktari anamtazama mgonjwa aliyeacha dawa.

Nililalamika kwa hao watu wa serikali wa wanyamapori. Wakatuma kijana mmoja nadhifu, viatu vinang'aa. Akaniambia, "Mzee, msiwape chakula."

"Kijana, hatuwapi. Wanajipa."

"Basi msiweke chakula mahali watakiona. Na usimrushie mawe, ukimuumiza ni kesi."

"Na yeye akiniumiza mimi?"

"Utatupigia simu."

Haya. Hivyo ndivyo tunavyoishi. Sasa nije kwa Jumapili.

Unamjua Simiyu, yule mchumba wa Nafula wetu anayefanya kazi ya ofisi. Unajua pia kwamba baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na aliyemlea ni huyu baba yake mkubwa, Mzee Barasa, wa Umoja. Mzee asiposema ndiyo, hakuna mtu atakanyaga kwetu Bungoma kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Na alikuwa amesema kwanza anataka kuniona mimi hapa ninapofanyia kazi. Aone mtu kabla ya kuona boma lake. Nikasema karibu, Jumapili baada ya kanisa.

Nafula alifika mapema kutoka Waithaka, amebeba sufuria zake, tayari kupika. Nikakataa. Nikamwambia ugali ni wako, lakini jogoo nitampika mwenyewe, ili huyo mzee ajue alipokewa na mwenye mji. Nacheka nikiandika hapa, lakini siku hiyo sikucheka. Nikawasha jiko la makaa pale nje. Na kwa sababu nilikuwa tayari na suruali ya kanisa, nikajifunga leso yako nyekundu kiunoni, na kitambaa kichwani kwa ajili ya moshi.

Wafanyakazi wenzangu husema nyani anaogopa mwanamume na kumdharau mwanamke. Siku zote nilikuwa nawacheka.

Jogoo aliiva vizuri, nakwambia. Kila kiungo kilikuwa mle, kichwa, miguu, shingo, na juu kabisa nikaweka firigisi, nzima, nimeiosha hadi ikang'aa. Wewe sihitaji kukufundisha. Mkwe akifunua bakuli akose firigisi, umemwambia kwa mdomo uliofungwa kwamba si mtu kitu. Nikafungua kifuniko nionje chumvi.

Mwenyekiti akatokea kwenye ua. Hakukimbia. Alitembea.

Nikasema, "Hee! Hee! Wewe!" Akasimama. Akanitazama kuanzia kitambaa hadi leso, halafu akaendelea kuja. Mama Nafula, mimi niliyesimama mbele ya kisu cha jando bila kupepesa jicho, ukoo mzima ukitazama, nikamwinulia nyani mwiko. Akauchukua. Hivyo tu, kama mtu anayepokea koti la mgeni. Hapo ndipo mkono wangu ulipokwaruzwa. Akatia vidole kwenye sufuria, vikaungua, akavilamba, akatia tena. Kulikuwa na mapaja mawili mle. Kulikuwa na kifua. Akachagua firigisi! Akapanda juu ya tangi la maji, akaila polepole akinitazama.

Nafula akatoka mbio. "Baba! Si nilikwambia uvue hiyo leso?"

"Hukuniambia."

"Nimekwambia tangu asubuhi. Amechukua nini?"

"Firigisi."

Akakaa chini, pale pale kwenye majani, na nguo yake nzuri. "Basi amechukua nyumba yangu," akasema.

Nikajaribu kuwa mwanamume. Nikasema tukate ini vizuri, tuliviringishe kidogo, tuliweke juu. Akanitazama. "Baba, mtu ameletewa firigisi maisha yake yote, atadanganywa na ini?" Kabla sijajibu, honi ikalia langoni.

Wakaingia. Mzee Barasa na koti na kofia na fimbo yake, mkewe Mama Rispa na Biblia, Simiyu akiendesha gari la kuazima. Mama Rispa akaomba. Aliombea chakula, wapishi, nchi, na wasafiri wa baharini, na mimi nikasema amina kwa kila kitu nikitumaini hatamaliza. Akamaliza. Nafula akaweka bakuli mbele ya mzee na kurudi haraka mlangoni pa jikoni.

Mzee akachukua kijiko. Akainua bawa, akatazama chini yake. Akainua paja. Akasogeza kichwa cha jogoo taratibu, kama mtu anayeomba radhi. Halafu akaweka kijiko chini.

"Mkwe," akaanza. Akajirekebisha. "Baba Nafula."

Nikamsogezea ugali.

"Huyu jogoo wenu alizaliwa bila firigisi?"

"Mzee, imeliwa na nyani."

Simiyu akakohoa.

"Nyani," akasema mzee.

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nimekaa Nairobi hii tangu nikiwa na nywele. Nimeona wezi wa kila aina. Nimeona hata wanaochaguliwa. Nyani wa kuchagua firigisi sijaona."

"Umoja hawapo, mzee. Huku ni msitu."

"Sema tu mlionja, ikawa tamu, ikaisha. Hilo ningesamehe. Lakini kunifanya mtoto wa kudanganywa na hadithi za wanyama?" Akanyoosha mkono kuchukua kofia.

Nikamtazama Nafula pale mlangoni. Sijamwona hivyo tangu akiwa mdogo, ule uso wa kujikaza asilie. Simiyu alikuwa amesimama nusu, hajui amfuate nani. Na mimi baba mtu nimekaa nikitafuta neno, na neno pekee nililokuwa nalo lilikuwa lile lile. Nyani.

Ndipo tukasikia Mama Rispa huko nje. Alikuwa ametoka kuchukua zawadi walizotuletea, mkate na sukari na mafuta.

"Shindwa! Shindwa katika jina la Yesu!"

Tukatoka sote. Simiyu alikuwa ameacha dirisha la gari wazi kwa sababu ya joto. Mwenyekiti alikuwa ameketi kiti cha dereva, mkate mkononi, sukari imemwagika kifua kizima. Mama Rispa anamkemea huku akimpungia mkoba. Yeye anageuza mkate, anatafuta upande laini.

"Wewe!" Mzee akainua fimbo. "Shuka kwa gari ya watu!"

Mwenyekiti akapiga mwayo. Unajua ule mwayo wao, unaonyesha meno yote hadi ya nyuma, marefu kama vidole. Mzee Barasa aligeuka na kuingia ndani kwa kasi ambayo sikudhani iko katika miguu ile. Kiatu kimoja kikabaki kwenye majani. Niliona kilipoangukia? Hapana, kwa sababu mimi nilikuwa mbele yake.

Simiyu ndiye aliyebaki. Akabonyeza kile kidude cha ufunguo, gari likaanza kulia, na Mwenyekiti akatoka dirishani na mkate wake kwapani, bila haraka. Alipitia pale majanini. Kiatu cha mzee hatujakiona hadi leo.

Ndani, mzee akakaa akitweta, mguu mmoja na soksi.

"Huyo ndiye aliyekula firigisi yangu?"

"Ndiye, mzee."

"Basi huyo ndiye mkwe wako. Simiyu, umechelewa. Mwenzako ameshapokewa, na ameshapewa hata kiatu."

Mama Rispa alicheka hadi akashika ukuta. Nafula akaingia jikoni kulia, lakini sasa kilikuwa kile kilio kingine, cha furaha. Mzee akala mapaja yote mawili, na shingo.

Lakini hapa ndipo nataka usikilize. Alipokuwa anaondoka, amevaa ndara zangu, alinivuta kando. "Nakuamini," akasema. "Lakini ndugu zangu wakiniuliza kama nilipokewa, nijibu nini? Niwaambie nyani alipokewa, mimi nikapewa masalio yake? Hapana. Leo sikufika hapa. Nitakuja Bungoma shule zikifungwa, kwa mama ya msichana, na tutaanza upya."

Gari lilipoondoka Nafula akaniuliza, "Baba, hiyo ni ndiyo au ni la?" Nikamwambia ni ndiyo, lakini mama yako ndiye atakayeimalizia. Akaendelea kuosha bakuli bila kunitazama. Halafu akasema, "Mwambie mama huyu ndiye ninayemtaka." Maneno hayo, kwa kuwa mimi ni baba, hesabu kwamba sikuambiwa. Nimeambiwa niyatume, nami nimeyatuma.

Kwa hivyo tafuta jogoo wawili, si mmoja. Wapike ndani, mlango umefungwa. Mtu yeyote asionje, hata mama akisema anapima chumvi tu. Mimi nitakuja na sitagusa mwiko, naapa.

Nisalimie mama, nisalimie Wafula na umwambie fizikia haitajisoma. Msalimie dada yako muuguzi, na umwombe ushauri kuhusu mikwaruzo ya nyani bila kumwambia ni ya nani. Nilienda kliniki nikachomwa sindano, usiogope. Katekista pia msalimie, lakini hii barua asiione, kwa maana ataihubiri.

Nakupenda, hata unavyonicheka. Andika uniambie tu kama jogoo wapo, ili nimwambie Nafula alale.

Mumeo,
Baba Nafula