Bolti ya Ekzosi na Ng'ombe wa Mama Wanja

Jumatatu, 8 Aprili

Nimetia mbegu ng'ombe watatu kabla ya saa nne asubuhi. Wawili Manyatta, mmoja Kirigi. Mvua tangu jana, matope mekundu hadi magotini. Wa Kirigi alinipiga teke la paja. Hata hivyo mbegu iliingia vizuri.

Nikiteremka, pikipiki ikaanza kunguruma kama tingatinga. Ekzosi imelegea. Inashikwa kwenye injini na bolti mbili tu. Nikatoa spana, nikakaza ya kwanza. Ikashika. Ya pili nikaikaza kwa hasira, maana maji yalikuwa yananiingia shingoni. Tak! Kichwa cha bolti kikabaki mkononi mwangu, mwili ukabaki ndani ya injini.

Kosa ni langu. Hakuna wa kulaumu.

Nilifunga bomba kwa waya. Waya ukayeyuka kabla sijafika lami. Nikasukuma hadi mtaa wa Dallas, kwa fundi wangu Mzee Nthiga, mtungi wa nitrojeni, baridi inayohifadhi mbegu, umefungwa nyuma. Akatazama, akasonya. Akasema nije kesho.

Nimerudi nyumbani Majimbo kwa miguu, mtungi begani. Paja linauma.

Jumanne, 9 Aprili

Mzee Nthiga ameanza saa moja. Akaloweka kipande cha bolti kwa mafuta. Akakishika kwa plasi, plasi ikateleza. Akakichomelea nati juu ili apate pa kushika spana. Akazungusha. Nati ikang'oka, bolti haikutikisika. Akachukua drili. Ncha ya drili ikahepa, ikakwaruza alumini. Hapo akazima mashine, akaketi juu ya tairi.

“Daktari, hii bolti imeoana na injini. Kanisani. Haiwezi achana.”

Kichwa kipya cha injini kinatoka Nairobi. Wiki moja, labda zaidi.

Sina wiki. Karembo, ng'ombe wa Mama Wanja kule Kibugu, anatazamiwa kuwa na joto keshokutwa. Siku ya ishirini na moja. Nimemtia mbegu mara mbili na mara zote mbili amerudi kwenye joto. Baba Wanja ameshasema: mara hii ikipita bila daktari, mwenye bucha anakuja Jumamosi. Mama Wanja alimlea yule ng'ombe tangu ndama, kwa chupa. Mwenzangu ambaye angeshika nafasi yangu yuko semina Meru mjini hadi Jumamosi.

Mchana nikakodi bodaboda kwenda Kevote. Kijana akakata kona kwa kasi, tukalala sote kwenye matope. Mtungi ukaanguka, kifuniko kikatoka, nitrojeni ikamwagika na moshi mweupe. Kijana akakimbia akidhani ni bomu. Aliporudi hakutaka hata kuugusa. Habari zimefika stejini kabla yangu. Sasa hakuna bodaboda anayekubali kunibeba na “hiyo gesi,” na Kibugu si mwendo wa miguu.

Nimepima nitrojeni iliyobaki kwa kijiti. Alama ya barafu iko sentimita sita. Asubuhi ilikuwa kumi na tatu. Nitrojeni ikiisha, mbegu zote zinakufa. Gari la kunijazia linakuja Ijumaa.

Nimelia kidogo nikipika. Nikaacha kwa sababu ya kitunguu, sikujua tena kipi ni kipi.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekuwa nyumbani siku nzima. Wakulima wanne wamepiga simu, wanne nimewakataa. Inauma kuliko paja.

Saa nane nikafungua mtungi kukagua mirija ya mbegu. Koleo langu refu lina pete ya chuma iliyokwama kwenye mpini tangu mwaka jana, nimejaribu kuitoa mpaka nimechoka. Leo nikachovya mpini kwa bahati mbaya. Nikautoa unafuka. Pete ikateleza yenyewe, ikaanguka sakafuni.

Nikasimama kama nimeitwa jina.

Chuma kikipoa kinanywea. Mwalimu alituambia hivyo darasa la nane. Alumini ikipata moto inapanuka. Tukipasha injini moto, tukigandisha bolti peke yake, zitaachana. Kwa muda mfupi tu, lakini zitaachana.

Nimempigia Mzee Nthiga. Nikamweleza kwamba nitaigandisha bolti kwa nitrojeni. Akauliza:

“Na kibanda changu kitabaki?”

“Kitabaki, Mzee. Hii haishiki moto. Lakini ikikumwagikia mkononi, ngozi inakufa.”

“Basi uimwage wewe. Mimi nitashika spana.”

Hesabu: leo jioni kuna sentimita tano. Inapotea moja kwa siku. Nahitaji mbili ili mbegu zifike Ijumaa zikiwa hai. Kesho naweza kutumia mbili. Nikipitisha, naua mirija kumi na mmoja, pamoja na mbegu ya Karembo.

Naogopa. Naandika ili nisijidanganye.

Alhamisi, 11 Aprili

Mama Wanja amepiga simu saa kumi na mbili asubuhi. Nilimsikia Karembo kabla yake.

“Daktari, ng'ombe inalia tangu alfajiri! Imepanda hata mbuzi! Unakuja?”

Nikasema nakuja. Sikuwa na pikipiki, nikasema nakuja. Aliyeonekana na joto alfajiri hutiwa mbegu jioni. Nilikuwa na siku moja.

Nikatembea hadi Dallas na mtungi. Tukafungua tangi la petroli tukaliweka mbali, ng'ambo ya barabara. Tukasukuma pikipiki nje, kwenye hewa. Mzee Nthiga akachomelea nati mpya juu ya kile kipande, polepole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Kisha akawasha moto wa gesi, akauzungusha kwenye alumini pembeni mwa bolti mpaka tone la maji likaruka juu yake.

Nikavaa glavu za ngozi. Nikamimina nitrojeni kwenye kikombe cha chuma chenye mpini mrefu. Nikaidondosha ndani ya nati, moja kwa moja. Ikachemka, ikapiga mluzi. Moshi ukatufunika sote wawili. Akatia spana.

Haikusogea.

Tukapasha tena. Nikamimina tena. Spana ikapinda kidogo mkononi mwake, akaachia haraka. “Nikilazimisha inakatika,” akasema.

Nikapima. Sentimita mbili na nusu. Nusu tu ndiyo iliyobaki kati yangu na hasara.

Nikafikiria kuacha. Kweli nilifikiria. Kurudi nyumbani, kumpigia Mama Wanja, kumwambia samahani. Kisha nikasikia tena ile sauti ya simu asubuhi.

“Pasha zaidi,” nikasema. “Mpaka uniambie wewe mwenyewe unaogopa.”

Akapasha. Watu walikuwa wamejaa sasa: mama wa mboga, wenye bodaboda walewale walionikataa, kila mtu hatua kumi nyuma. Mzee akasema, “Naogopa.” Nikamimina yote iliyokuwa kikombeni.

Kikatoka kitu kama mlio wa ukucha kuvunjika. Mdogo sana. Tukaangaliana.

Akagusa spana kwa vidole viwili. Ikazunguka. Robo. Akairudisha, akatia mafuta, robo tena. Mbele, nyuma. Nusu. Mzunguko mzima. Kisha bolti ikaanza kutoka kwa utulivu kama haijawahi kukataa chochote. Akaiinua juu kwa plasi, inafuka upande mmoja kwa moto na upande mwingine kwa baridi.

Nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Mzee Nthiga, ambaye sijawahi kumwona akicheka, akatupa kofia na kucheza hapo kwenye matope, spana juu kama rungu. Akaingiza bolti mpya kwenye tundu kwa vidole vitupu. Ikashuka yote. Nyuzi za tundu nzima, hata moja haikuharibika.

Injini ikawaka kwa teke la kwanza.

Nilifika Kibugu saa kumi na moja kasorobo. Sikumbuki barabara. Baba Wanja alikuwa mlangoni pa zizi, mikono nyuma. Hakunisalimu. Akashika mkia wa Karembo mwenyewe, akaushika vizuri. Nikatia mbegu polepole. Mama Wanja alikuwa anaomba kwa Kiembu, macho wazi.

Nimeshinda leo. Naandika kwa herufi kubwa: NIMESHINDA.

Ijumaa, 12 Aprili

Gari la nitrojeni limekuja. Mtungi umejaa. Mbegu zote ziko hai.

Mzee Nthiga ameeleza Dallas nzima. Kila akieleza, moto unakuwa mkubwa na moshi unafika mawinguni. Mtu wa posho mili, kinu cha unga, kutoka Ishiara amepiga simu: ana shafti imekwama miezi miwili, “yule mama wa baridi” anaweza kuja? Kijana aliyeniangusha Jumanne amekuja kuomba msamaha, akauliza kama anaweza kugusa mtungi. Nikamwacha auguse.

Najivuna. Sioni haya.

Alhamisi, 2 Mei

Siku ishirini na moja. Nimekaa na simu mfukoni kutwa. Saa mbili usiku nimepiga mwenyewe. Mama Wanja amenong'ona kama mtu aliye kanisani: “Haijalia. Inakula tu.”

Bado si uhakika. Nimemwambia hivyo. Nimejiambia pia.

Jumatano, 12 Juni

Baridi ya asubuhi, ukungu juu ya majani ya chai. Kibugu saa tatu.

Nimempima Karembo. Mkono umeingia nyuma yake hadi juu ya kiwiko, macho nimefumba. Upande wa kulia wa mji wa mimba umejaa, laini, una maji ndani. Nikapima mara ya pili ili niwe na haki ya kusema.

“Mimba iko,” nikasema.

Mama Wanja alikaa chini kwenye nyasi zilizolowa. Baba Wanja alitoka nje ya zizi, tukamsikia akikata majani ya ng'ombe, mengi, haraka haraka.

Nikanawa. Nikapewa uji. Nikanywa nimesimama. Karembo anatafuna, haangalii mtu. Kisha nikaondoka kwenda Kianjokoma. Kulikuwa na ng'ombe mwingine ananingoja.