Mdigo wa Kwale kwa Kuku Mmoja

Jumatatu, 5 Machi 1984
Foleni tena, ofisi ya akiba ya wafanyakazi. Siku ya nne. Karani yuleyule, kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Anakula maandazi juu ya faili za watu. Sheria ni rahisi hata kwake: mgeni anayehama nchi kabisa hurudishiwa akiba yake, mwananchi hungoja uzee. Nimempa cheti cha kuzaliwa. Muheza, Tanzania. Akafungua faili langu la kiwanda cha sabuni.
"Hapa umeandikwa Mdigo wa Kwale. Sasa Mkenya mzima unahamia wapi?"
Foleni nzima ikacheka. Wajinga.

Jumanne, 6 Machi
Kosa ni langu. Mwaka wa 1977, mpaka ulipofungwa, sisi Watanzania wa kiwandani tuliogopa kufukuzwa. Nyapara Kimani alikuwa akijaza fomu mpya za wafanyakazi. Wadigo tuko pande zote mbili, nani angejua? Nikampelekea kuku. Kwa kuku mmoja nikawa mzaliwa wa Kwale. Tena kuku mwenyewe mzee.

Alhamisi, 8 Machi
Karani anataka barua ya aliyejaza fomu, akiri mwenyewe kwamba aliandika uongo. Nimemfuata Kimani kwake, mtaa wa Shauri Moyo. Alikuwa peke yake, tumbo mbele, fulana imetoboka.
"Bakari, nimebakisha miezi mitatu nistaafu. Nikiandika hiyo barua wananifuta. Wachana na mimi."
Mwoga. Miaka kumi na mitano ametufokea kwenye mapipa ya sabuni, leo anaogopa karatasi. Namdharau kuliko karani.

Ijumaa, 9 Machi
Barua ya dada. Paa la mama limeanguka upande wa jikoni. Analala kwa jirani. Mimi ndiye niliyeahidi kurudi kumjengea. Nirudi na nini? Sanduku la nguo kuukuu?

Jumatano, 14 Machi
Faili limepita. Karani hakuniangalia usoni. Kumbe Kimani alikuja juzi, bila kuniambia neno, akaandika kwa mkono wake na kutia sahihi. Nimeiona. Mwandiko mbaya, umelala upande. Hundi nimepewa leo leo.
Nilidhani nitafurahi zaidi ya hivi.

Jumamosi, 17 Machi
Basi la Tanga ni kesho asubuhi. Hundi nimeshaivunja. Nimefunga mizigo, chumba changu cha Kaloleni kimebaki na misumari ukutani.
Mchana Odhiambo wa kiwandani alikuja kuniaga. Anasema Kimani amefutwa jana, hakupewa hata kiinua mgongo.
Alasiri nikaenda Shauri Moyo. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu, mkono mfukoni juu ya zile noti. Mkewe akafungua mlango kumwaga maji. Hanijui. Akaniuliza namtafuta nani.
Nikasema nimekosea nyumba.