Vita Ambavyo Hukupigana, Baba

Baba,

Ni mimi, Mwikali. Nimekaa mezani kwako hapa Kayole, na nina neno nililopaswa kukuambia ukiwa hai. Nililiahirisha, nikaliahirisha, mpaka tukakuzika nalo.

Jumamosi ya juzi wanajeshi wastaafu walifanya msafara wa pikipiki wa kuwakumbuka wenzao waliotangulia. Huwa wanapitia shule ili watoto wawaone na kusikia habari zao. Safari hii walichagua shule ninayofundisha, na wa kukumbukwa ulikuwa wewe. Mwenyekiti wao ni mdogo sana kwako, hakuwahi kutumika nawe. Habari zako alizisikia hapa mtaani. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akicheka hadi gego la mwisho. "Kumbe umezaliwa na shujaa wa vita, Mwalimu, na unatunyamazia!"

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Nikasema asante.

Unajua ilianzia wapi. Nilikuwa darasa la sita, wewe umestaafu juzijuzi tu. Wasichana wa ploti yetu walinizunguka penye mfereji tulipokuwa tukiteka maji, wakiniuliza babangu alifanya kazi gani jeshini. Nikasema mpishi. Walicheka, Baba! Mmoja akauliza kama ulikuwa unapiga adui kwa mwiko. Ndipo nikasema nilikuwa natania, kwamba ulipigana vitani na kuua watu wengi. Jioni hiyo jirani alikusalimu, "Afande, kumbe wewe ni moto!" Ukanitazama. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya ndoo. Ukamjibu, "Salama, jirani," ukaingia ndani.

Hukuniuliza kitu. Mimi ndiye niliyekuomba, siku ulipokuwa unasukuma chapati, ufunge mlango ili watu wasione. Ukafunga. Ulifunga miaka yote iliyofuata, hata nilipokuwa mtu mzima, hata kwenye joto la Januari, moshi wa mafuta ukikuliza macho. Sikuwahi kukwambia ufungue. Mbona sikukwambia, Baba?

Msafara ulianzia Buruburu. Walinipakia nyuma ya sajini mmoja mwanamke, picha yako wakanifunga nayo kifuani kwa utepe. Helmeti ilinibana masikio. Mbele pikipiki, nyuma pikipiki, kulia na kushoto pikipiki, bendera zinapepea, na mimi katikati siwezi hata kugeuza shingo. Tulipofika Kayole akina mama wa mboga walisimama wakapiga vigelegele. "Binti ya Afande!" Nilitamani kushuka. Ningeshukia wapi?

Shuleni watoto walikuwa wamepangwa uwanjani, wadogo mbele. Nikapewa kipaza sauti. Msichana wa darasa langu akanyoosha mkono. "Ticha, baba yako alipigana na nani?"

Mwalimu mkuu ananitazama, mwenyekiti ananitazama. Nikasema, "Alipigana na maadui wa nchi yetu." Watoto wakashangilia, waendeshaji wakavumisha injini zote pamoja. Nilihisi kama nimefungiwa ndani ya ngoma na watu wanaipiga.

Baadaye mzee mmoja mwenye fimbo alinifuata kando ya madarasa. Akajitambulisha, Koplo Barasa. "Mwanangu," akasema, "huyu aliyesifiwa ndiye Mutua wa jikoni, au nimechanganya?"

Nikatazama chini. Hakunikemea. Alinisimulia kambi moja mpakani, mvua ilipoharibu barabara na lori la chakula likashindwa kufika. Kwamba ulikoboa mahindi yaliyobaki ukawapikia muthokoi, kidogo kidogo, siku nyingi, na hakuna aliyelala njaa. Kwamba ulijipakulia mwisho, na siku nyingine sufuria ilikuwa tupu. "Tukimuuliza, anasema ameshiba kwa kuonja." Akavuta kamasi. "Sasa mbona hukuwaambia watoto hilo?"

Miaka yote tumeishi nyumba moja na hukunisimulia hiyo kambi. Ungeanzaje, nami nimeshakuandikia vita vyangu?

Jumatatu nilienda kwa mwalimu mkuu nikamweleza yote. Alisikiliza, akatikisa kichwa. Picha yako ilikuwa imeshatundikwa ukutani, chini yake maandishi makubwa: SHUJAA WA VITA. "Wageni wameshapiga picha, Mwalimu. Tukibadilisha sasa, ni shule itakayoonekana ya uongo. Liache hivyo." Nikarudi darasani na kukuta rundo la insha mezani. Mwalimu mkuu alikuwa amewaagiza watoto waandike habari zako. Mmoja ameandika kwamba uliangusha ndege kwa jiwe. Insha nzuri, haina makosa, na mimi nimeshika kalamu nyekundu nisijue nisahihishe nini.

Nikaiweka kalamu chini. Nikawaambia, Baba. Nikawaambia ulikuwa mpishi, na kwamba uongo niliutunga mimi, nikiwa mkubwa kama wao. Nikangoja kicheko. Nilikuwa nakingoja tangu darasa la sita.

Mvulana wa nyuma akauliza, "Alikuwa anapika nini?"

Nikawaeleza mpaka kengele ikalia. Hakuna aliyecheka.

Lakini usidhani nimetoka ndani ya uongo huo. Ile picha ipo palepale, napita chini yake kila asubuhi. Jana muuza makaa aliniita binti ya Afande, nikaitika kwa mazoea, halafu nikasimama njiani kama mtu aliyepotea.

Pikipiki zitarudi mwakani, na mwenyekiti ameshaniomba nizungumze tena. Nimemkubalia. Koplo Barasa amesema atasimama karibu nami. Nakuahidi, Baba, mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya wale akina mama na watoto wote, nitataja jina lako, kisha cheo chako, kisha kazi yako. Wakicheka, wacha wacheke, sitaongeza neno.

Pumzika salama, Baba. Ulininyamazia vya kutosha.

Mwanao,
Mwikali